Chungu cha Nyumba Iliyoanguka

Jumatatu, 23 Julai 1951

Nyumba ya Mama imeanguka. Amesema Nyaboke, mke mwenza wake, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko letu, mikono kiunoni, kama mtu anayeleta habari aliyoitabiri. Nilikuwa nageuza kimea. Nikamaliza kugeuza, nikakifunika kwa majani ya mgomba, nikaenda.

Ukuta wa nyuma umelala chini. Paa limeukalia. Nguzo za mbele zimesimama lakini zimeoza miguuni. Chanzo: mvua ya mawe ya jana, na mchwa wa miaka mingi. Mama hakuumia. Alikuwa nje, kwa ng'ombe. Nimemkuta ameketi kando ya chungu chake kikubwa cha pombe. Hicho ndicho alichokiokoa kwanza. Blanketi lilifuata.

Kwangu kuna kitanda kitupu. Hawezi kulala hapo. Mzazi halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kanisa la Sabato limemwachisha mke wangu Kwamboka mambo mengi ya zamani, lakini hilo hata yeye halitilii shaka. Kwa hiyo Mama analala kwa Nyaboke, karibu na mbuzi. Hawajapatana tangu nikiwa mtoto. Nyaboke ametoa sharti: binti yake anakuja kujifungua mwisho wa Agosti, mahali pale pawe wazi.

Likizo yangu kutoka gazetini Nairobi inaisha wakati huo huo. Kazi moja basi, hadi hapo: Mama apate nyumba.

Jumanne, 24 Julai

Nimemwendea Mzee Omwenga. Ndiye anayeita risaga katika mlima wetu, yaani majirani wote wanaokusanyika kwa kazi ya siku moja, kisha wanakunywa pombe ya mwenye kazi. Malipo mengine hayapokelewi.

Nilikuwa nimefikiria mafundi wa Keroka. Mama alinikata kabla sijamaliza. Nyumba iliyojengwa na watu wa kukodiwa ni nyumba ya mtu aliyekosa majirani, alisema. Hataingia. Namjua. Hataingia.

Mzee Omwenga amekubali, kisha akauliza nani atapika. Nikapitia wanawake wa boma letu. Kwamboka ni Msabato, hagusi pombe. Wake wa ndugu zangu, hivyo hivyo. Mama vidole vimejikunja, hawezi kusaga wala kukanda. Nyaboke aliulizwa jana. Alisema hampikii mke mwenza wake hata maji ya kunawa.

Nikasema nitapika mimi.

Nyariki alikuwepo. Jirani, Mkatoliki, tulitahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana. "Bwana Gazeti," akasema, "utatupikia pombe ya amarwa au utatupikia habari?" Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa. Mzee Omwenga hakucheka. Aliniuliza kama nimewahi. Nikamjibu kweli: mara mbili, mwezi huu, kwa kujifurahisha tu. Ya kwanza ilimwagwa. Ya pili ilinyweka.

"Ilinywewa na nani?"

"Na mimi."

Akafikiri. "Shahidi mmoja," akasema. Lakini hakukataa.

Alhamisi, 26 Julai

Niandike ninachokijua. Kuanzia sasa si mchezo tena.

Nilianza kwa sababu likizo ni ndefu nami sijui kukaa bure. Wenzangu wakirudi nyumbani hununua ng'ombe. Mimi nilinunua wimbi. Nimeinywa pombe hii tangu ujana bila kujua inatokana na nini hasa, na jambo hilo lilinikera. Nikamhoji Mama kama ninavyowahoji wakubwa wa serikali, swali lile lile kwa njia tofauti. Majibu hayakubadilika. Wakubwa wa serikali hubadilika.

Utaratibu ni huu. Wimbi hulowekwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba hadi uote, huanikwa, husagwa. Hicho ndicho kimea. Kando yake, unga wa wimbi hukandwa kwa maji na kuachwa uchachuke. Ukichachuka hukaangwa kwenye karai mpaka uwe makombo ya rangi ya kahawia. Makombo, maji na kimea huingia chunguni. Kisha unangoja. Siku ya kunywa unaongeza maji ya moto, watu wanakizunguka chungu na kunyonya kwa mirija mirefu.

Kosa langu la kwanza: mvua haikukatika, nikaanika kimea juu ya moshi. Pombe ikanuka kama nyumba iliyoungua. Mara ya pili nilisubiri jua.

Leo Mama ametafuna kimea changu. Akatema. "Kimeota," akasema. Kwake hiyo ni sifa.

Naipenda kazi hii. Ukiingiza mkono chini ya majani unakuta joto, kama ubavu wa ndama. Sikulitarajia.

Jumapili, 29 Julai

Tatizo. Mzee Omwenga amekuja baada ya Misa pamoja na wazee wengine wawili. Hawana neno na mwanamume kupika. Wamelicheka wiki nzima, limekwisha. Neno lao ni jingine. Pombe ya risaga hutoka katika nyumba ya mwanamke. Chungu lazima kiwe na nyumba. Nyumba ya Mama haipo. Nyumba ya Kwamboka ipo, lakini amesema pombe ya kunywesha watu haitapita mlangoni mwake, na ana haki. Majaribio yangu aliyavumilia jikoni kwa kuyaita uji ulioharibika. Pombe ya risaga haiwezi kuitwa uji.

Basi chungu hiki ni cha nani?

Si swali la upuuzi. Lisipojibiwa, siku ya kazi watu watabaki makwao.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mama alikuwa nje, anasikiliza. Akaita: "Mafiga yangu nayo yameanguka?"

Wazee waliendelea kubishana.

"Nimeuliza. Mafiga yameanguka?"

Tukaenda kuangalia. Tuliondoa nyasi, tukavuta fito, tukafukua udongo wa ukuta. Mafiga matatu yapo pale pale, yamesimama, majivu katikati. Mzee Omwenga aliyasukuma kwa mguu, figa moja baada ya jingine. Hayakutikisika.

Uamuzi wake: penye mafiga ya mwanamke pana nyumba yake. Nitapika hapo hapo. Tutafyeka kifusi, tuweke kibanda cha majani juu ya chungu. Siku ya risaga kibanda kitaondolewa, na nyumba mpya itasimamishwa kukizunguka chungu. Nyariki ameuliza kama nami nitajengewa ndani.

Jumatano, 1 Agosti

Kwa chifu. Kibali cha kupika pombe hutolewa kwa siku iliyotajwa. Nimetaja Ijumaa, tarehe 17. Sababu: nusu ya mlima wetu ni Wasabato, nusu Wakatoliki. Jumamosi Wasabato hawashiki kazi. Jumapili Wakatoliki wanakwenda Misa, na mchana wao ni wa kutembeleana. Ijumaa wote wapo. Wasabato hawanywi lakini wanajenga, na watapata uji wa Kwamboka. Pombe yangu ya Julai iliiva siku ya nne. Nikichanganya Jumatatu, Ijumaa itakuwa tayari. Nimeipitia hesabu hii kwenda na kurudi. Haina tundu.

Karani aliuliza jina la mpikaji. Nikataja langu. Akachungulia nyuma yangu, kama kuna mwanamke amejificha. "Na mume wako anaitwa nani?" Ofisi nzima ikacheka, pamoja na askari wa mlangoni. Nilisubiri wamalize. Kibali ninacho.

Jumatatu, 6 Agosti

Unga umekandwa na kufunikwa. Kimea kimekauka vizuri kwa jua la kweli, si moshi. Nyariki na wengine wanakata nguzo bondeni. Wanawake wa kanisa la Kwamboka wanakata nyasi. Hizo zimepangwa karibu na ng'ombe, ambao wanazitamani.

Mama anakohoa. Nyaboke anasema ni moshi wa kuni mbichi. Mama anasema ni Nyaboke.

Ijumaa, 10 Agosti

Siku ya kukaanga. Habari zilitangulia. Nilipotia tonge la kwanza kwenye karai, nilikuwa na watazamaji wengi kuliko mkutano wa chifu. Wanawake wengi, na vichekesho vyao si vya kuandikwa. Mmoja alimwonyesha mumewe kwa kidole na kumwambia atazame ili kesho asiseme hajui.

Nilikaanga. Unga uliochachuka unashika chini ukiacha kuukoroga hata kidogo. Mkono unauma begani, mahali nisipojua pana msuli. Nyaboke alikuja kucheka. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Unakoroga au unabembeleza?" Mwishowe alichukua mwiko wa pili, akakaa upande wa pili wa karai. Alitangaza kwa sauti kwamba hampikii mtu yeyote, anaokoa unga. Mama alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo. Hakusema kitu. Kwa Mama, kutosema kitu mbele ya Nyaboke ni tukio.

Jioni Kwamboka alileta mitungi ya maji akaitua kando ya mafiga. Maji ni maji. "Baba Kemunto," akaniambia, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "una masizi mpaka ndani ya masikio." Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho aliponicheka hivyo.

Harufu ya makombo ni kama mkate unaokaribia kuungua. Nzuri sana.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimechanganya. Makombo, maji, kimea. Mama alisimama juu yangu, akaingiza kidole, akalamba, akasema niongeze kimea kidogo. Nikaongeza. Chungu kimejaa hadi shingoni. Kimefunikwa. Kibanda cha majani kiko juu yake.

Watu wameitwa. Mzee Omwenga amepita boma kwa boma. Ijumaa.

Jumatano, 15 Agosti

Chungu kimenyamaza.

Nimeweka sikio. Hakuna kitu. Julai, siku ya pili, kilikuwa kinanong'ona kama kanisa kabla ya sala. Ukungu haujaondoka tangu jana. Jana jioni mvua ya mawe. Upepo unaingia kibandani kutoka pande zote.

Kosa ni langu na ni hili. Ile hesabu ya siku nne niliitoa jikoni kwa Kwamboka. Jiko lina kuta, lina paa, lina moto kutwa. Hapa hakuna ukuta. Nilihesabu siku, sikuhesabu joto. Mhariri wangu angenirudishia habari ya namna hiyo.

Nikichelewa kwa siku moja, naangukia Sabato. Kwa siku mbili, naangukia Misa. Na kibali kitakuwa kimekwisha.

Naogopa. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimewasha moto mdogo kukizunguka chungu. Upande mmoja unapata joto, upande mwingine umande. Mama alikuja na blanketi lake akakifunga chungu kiunoni, kama anayembeba mtoto. Nikamwuliza yeye atajifunika nini. Akasema nisimsumbue.

Baadaye Kwamboka alikwenda kwa Nyaboke na blanketi letu zito. Akasema, mimi nikisikia, kwamba amempa Mama blanketi. Lile ambalo Mama amelifunga kwenye chungu si habari yake.

Jioni, povu la kwanza. Dogo. Upande wa moto tu.

Siwezi kuahirisha. Nguzo zimeletwa, udongo umechimbwa, watu wameitwa. Mkutano wa watu wengi hivi ukivunjwa mara moja hauitiki tena upesi.

Ijumaa, 17 Agosti

Walikuja. Walikuja mapema, na walikuja wote.

Kibanda kiliondolewa. Chungu kilibaki peke yake katikati ya uwanja, kimevaa blanketi. Nguzo zilichimbiwa kukizunguka. Hadi jua kupanda, fito zilikuwa zimefungwa, na miti ya paa ilikuwa inapanda. Wanawake walikanda udongo kwa miguu wakiimba. Wasabato waliimba za kanisa, wengine waliimba zao, na kwa namna nisiyoielewa miguu yote ilikwenda pamoja. Kwa kawaida nyasi hutangulia udongo. Leo udongo ulikuwa mwingi na mikono mingi, wakaanza kukandika kabla ya paa. Niliona. Sikusema. Niliamini nyasi zitapanda alasiri hiyo hiyo.

Desturi ya hapa: kabla ya nyasi ya kwanza kupanda, chungu huonjwa. Wanaume hushuka, huona kwa macho yao kwamba kinywaji kipo, kisha hupanda kuezeka. Mzee Omwenga aliwaita. Walikusanyika ndani ya kuta zenye udongo mbichi, chini ya mbingu. Maji ya moto yakamiminwa. Nikachukua mrija. Mpikaji huonja kwanza, wajue si sumu.

Mzee Omwenga alinizuia mkono. "Chungu ni cha nyumba ya Moraa," akasema, akilitaja jina la Mama. "Moraa aanze."

Mama aliinama, akanyonya. Akakaa nayo mdomoni. Nyuso zote zilimtazama yeye, mimi nilitazama udongo. Angeweza kusema ni nzuri. Wachache wangebisha na mwanamke mzee ndani ya nyumba yake. Nyasi zingepanda, na nyumba ingeisha.

Akatema pembeni.

"Bado," akasema.

Mtu mmoja alicheka akaacha.

"Bado," akarudia. "Ina baridi. Pombe hii inataka nyumba."

Nyariki akauliza kwa sauti kile ambacho kila mtu alikuwa anakifikiri. "Mama, nasi tunataka pombe ndipo tuezeke. Tutaanzia wapi?"

Mzee Omwenga alionja, akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alisema neno lake ni lile lile: chungu kikiiva aambiwe. Watu walinawa matope. Wasabato walikunywa uji wa Kwamboka wote, wakaenda kujiandaa na Sabato yao. Wengine walikwenda bila kunywa kitu.

Kwa hiyo: nyumba ina kuta mbichi, haina paa. Mawingu yako upande wa magharibi. Ikinyesha kwa nguvu, udongo wote utakuwa chini.

Nilimwuliza Mama kwa nini hakuwaambia iko tayari. Akasema, "Kesho wangejua." Kisha akasema, "Na wewe ungejifunza vibaya."

Nina hasira. Si kwake.

Jumamosi, 18 Agosti

Asubuhi kwa chifu kubadili kibali. Karani aliuliza kama mpikaji amejifungua salama. Nilimwambia amepitisha siku. Alicheka, akafuta tarehe, akaandika Jumatatu, tarehe 20. Niliitaja Jumatatu kwa sababu ndiyo siku ya kwanza ambayo watu wote wapo. Kama ukuta utakuwepo hadi wakati huo, sikujua.

Niliporudi nilisikia sauti kabla sijafika. Nyariki yuko juu ya paa. Pamoja naye Wakatoliki kama kumi hivi, wengine wameketi kwenye miti ya paa kama kunguru. Wasabato hawapo, ni siku yao. Walikuwa wanaezeka safu za chini, zile zinazokinga ukuta.

"Nani amewaita?" niliuliza.

"Hakuna aliyeita," Nyariki alisema kutoka juu. "Jana ulituita, hukutupa kitu. Leo tumejiita. Jumatatu tutakunywa ya siku zote mbili, Bwana Gazeti, na wewe utakuwa unatuchotea."

Mzee Omwenga yuko chini, anawapitishia nyasi. Nilimkumbusha neno lake kuhusu chungu kuiva kwanza. Akasema risaga ilikuwa jana. Leo ni watu tu wamepita njia.

Mvua ilikuja mchana, na kelele nyingi. Safu za chini zilishika. Ukuta wa nyuma umelowa juu, haukuanguka. Kilele bado kiko wazi, na maji yameingia katikati, karibu na chungu. Mama alikuwa ameshakifunika kwa karai.

Jumapili, 19 Agosti

Wakatoliki wameenda Misa. Nilipotoka asubuhi nikidhani nitakuwa peke yangu na nyasi, nikamkuta Kwamboka. Nyuma yake wanawake wa kanisa lake, na waume zao, na ngazi.

Hakueleza. Mwanamke mmoja alieleza kwa niaba yake. Jana, baada ya ibada, Kwamboka alisimama akasema mama mkwe wake hana paa. Hakutaja pombe. Wote wanajua habari ya pombe. Hakuna aliyeuliza.

Waliezeka kilele. Nyaboke aliwaletea ndizi zilizochemshwa. Mmoja wa waume hao, mtu mnyoofu sana, kila alipopita karibu na chungu aligeuza uso. Nilimheshimu kwa hilo. Hakupunguza kasi hata mara moja.

Nilitaka siku ambayo hakuna kanisa linalopumzika. Sikuwaza kwamba siku ambazo moja linapumzika jingine linafanya kazi. Ni hesabu rahisi. Nilikuwa nayo mezani tangu tarehe mosi, nikaisoma kinyume.

Mchana paa limefungwa. Kilele kimekazwa. Moto umewashwa ndani, mkubwa, wa kukausha udongo. Mvuke ukatoka ukutani. Nyumba yote ikawa na joto la jiko.

Kabla ya giza nimeweka sikio chunguni. Kinanong'ona.

Jumatatu, 20 Agosti

Imeiva.

Watu walikuja baada ya kazi za mashambani. Maji ya moto yakamiminwa. Povu lilipanda hadi ukingoni. Mzee Omwenga alimpa Mama mrija. Mama alinyonya. Akanyonya tena. Mara ya tatu Nyariki akalalamika kwamba atamaliza.

"Ni pombe," Mama akasema. Akampa Nyaboke mrija. Si Mzee Omwenga, Nyaboke. Nyaboke akanyonya, akasema makombo yalikaangwa vizuri.

Nilionja wa nne. Maoni yangu: imechachuka sawasawa, ina ladha ya mkate, nyuma ina uchungu kidogo. Inapita ile ya Julai. Naweza kufanya bora zaidi. Ningepunguza maji.

Mzee Omwenga alikunywa hadi akaanza kuimba, naye si mtu wa kuimba. Nyariki alinifanya nichote maji ya moto hadi giza, kama alivyoahidi. Wasabato walikaa nje na uji, karibu na mlango, na mazungumzo yalipita mlangoni bila kuulizwa dini. Mtu mmoja ameniuliza kama nitapikia harusi ya mwanawe Desemba. Alikuwa anatania. Kisha hakuwa anatania.

Alhamisi, 23 Agosti

Udongo umekauka kwa nje. Kwa ndani ukibonyeza kidole bado kinaacha alama. Moto unawaka kutwa. Chungu kimeoshwa, kimepinduliwa ukutani.

Kikohozi cha Mama kimepungua. Amekwisha kuonyesha kitanda kitakaa wapi, na kuku watalala wapi, na wapi Nyaboke akija atakaa. Alipoonyesha mahali pa Nyaboke alionyesha karibu na moto.

Kwamboka ameniuliza kama Nairobi nitaendelea na pombe. Nikamwambia kule hairuhusiwi nyumbani. Akasema basi niache kimea kilichobaki hapa, mahali pakavu, nitakikuta Desemba. Nimekiacha.

Mama anahamia Jumatatu, tarehe 27, asubuhi. Mimi napanda basi Keroka Jumatano.